Pesa au sanduku? Mchezo uliotuburudisha na mchezo unaotumaliza

Kama ulikuwa na umri wa kuketi mbele ya televisheni nchini Kenya katika miaka ya 1990, bila shaka unaikumbuka Omo Pick-a-Box katika KBC. Mshiriki anasimama mbele ya umati. Kuna sanduku lililofungwa, na kuna mtangazaji anayemhesabia pesa. Azichukue pesa aende zake nyumbani, au aziache afungue sanduku ambalo hajui lina nini?

Mimi wakati huo nilikuwa mtoto. Mtaani kwetu nyumba zenye televisheni zilihesabika, nasi tulijazana sebuleni kwa jirani hadi mlangoni. Nakumbuka vizuri jinsi sebule hiyo ilivyogawanyika. Sisi watoto tulipiga kelele, "Sanduku! Sanduku!" Kina mama nao walisema, "Chukua pesa, wewe!" Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari daktari, ndipo nilipong'amua kwamba waliosema pesa ndio waliokuwa wakinunua unga wa nyumba hiyo.

Kumbukumbu hiyo ilinirudia Kaikor, kaskazini mwa Turkana, ambako huenda mara kwa mara kutoka Lodwar kuona wagonjwa. Kuna hoteli moja pale yenye mtambo wa sola na dishi juu ya paa la mabati. Jioni moja tulikuwa tunasubiri chai, mimi na nesi tuliyesafiri pamoja, na kwenye skrini kulikuwa na mchezo wa ng'ambo wa masanduku, ule ambao mshiriki anafungua moja baada ya jingine huku mwenye benki akimpigia simu na kumtajia pesa za kuacha. Lugha ilikuwa Kiingereza. Pembeni yetu aliketi mzee mmoja kwenye ekicholong chake, kile kiti kidogo cha mbao ambacho wazee wa Kiturkana hutembea nacho. Hajui Kiingereza hata neno moja. Baada ya masanduku mawili hivi alikuwa ameshaelewa mchezo wote, na alipoona yule mwanamke wa kwenye skrini anakataa pesa mara ya tatu, alimgeukia nesi na kumuuliza kwa Kiturkana: "Huyu mama ana mbuzi wengine nyumbani?"

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu jinsi binadamu anavyokata shauri wakati hajui kesho italeta nini. Sijakutana na swali linalopita hilo.

Kwa nini mchezo wa aina hii unamshika mtu hivyo, awe wa Nairobi au wa Kaikor? Jibu langu ni kwamba unafanana na maisha kuliko michezo mingine. Chukua ngikiles, mchezo wa vijishimo na vijiwe ambao wazee wa Turkana hucheza chini ya mti na ambao ni ndugu ya bao la pwani. Hakuna bahati ndani yake. Kila kijiwe kinaonekana, na fundi atamshinda mwanafunzi leo, kesho na mtondogoo. Ni mchezo mzuri, lakini asiye fundi huchoka kushindwa. Upande wa pili kuna bahati nasibu ya tikiti. Huko hakuna fundi. Profesa na mlevi wako sawa, na ukishanunua tikiti huna la kufanya ila kungoja. Michezo ya televisheni iliyopendwa ilikaa katikati. Bahati iliamua kilichomo ndani ya sanduku, lakini wewe ndiye uliyeamua kama utalifungua. Mnyonge alikuwa na tumaini na mwerevu alikuwa na kazi ya kufanya.

Mfugaji wa Kaikor yumo katika mchezo huo tangu azaliwe. Mvua haimsikilizi mtu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika kaskazini mwa Kenya, na zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa nchini. Hiyo ndiyo bahati. Lakini mfugaji hakai akatazama mbingu tu. Hugawa kundi lake, ngamia huku, mbuzi kule, na wanyama wengine huwaweka kwa marafiki na wakwe walio mbali, ili ugonjwa au wavamizi wakipiga mahali pamoja, pengine pabaki kitu. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver aliyaandika hayo katika kitabu alichokitoa 1955 kuhusu Waturkana na Wajie. Mzee wetu hakuhitaji kukisoma. Aliuliza tu kama yule mama ana mbuzi wengine.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Huko Australia, Bob Dyer aliuendesha kwenye redio tangu 1948 na kwenye televisheni kuanzia 1957 hadi 1971, na swali lake lilikuwa hilohilo: pesa au sanduku? Uingereza walikuwa na Michael Miles, na umati wake ulipiga kelele kama sebule ya jirani yetu. Ule wa masanduku niliouona Kaikor ulizaliwa Uholanzi na kuenea duniani kwa jina la Deal or No Deal. Na huo, msomaji, umewafaa wanasayansi kuliko walivyotarajia. Katika maabara huwezi kumpa mtu uchaguzi wa maelfu ya dola uone atafanya nini. Televisheni inaweza. Mwaka 2008 wachumi wanne, mmoja wao Richard Thaler ambaye alipata Tuzo ya Nobel 2017, walichapisha uchunguzi wa washiriki 151 wa mchezo huo kutoka Uholanzi, Ujerumani na Marekani.

Walichokiona kinanihusu mimi kama tabibu. Mtu aliyefungua masanduku mabaya, akaona pesa kubwa zikitoweka moja baada ya nyingine, hakuwa mwangalifu zaidi. Alizidi kuthubutu. Alikataa pesa nzuri alizopewa kwa kuwa ndani ya kichwa chake bado alikuwa anashikilia zile zilizokwisha kupotea. Na yule ambaye bahati ilimwendea vizuri kupita matarajio naye alithubutu, kwa kuwa aliona anachezea pesa zisizo zake. Yaani hasara kubwa na faida kubwa, zote mbili zinatuondolea breki. Hao hawakuwa wagonjwa. Ni watu wa kawaida kama mimi na wewe, waliochaguliwa waingie kwenye televisheni.

Kabla sijafika kwenye ugonjwa, niruhusu nikupe mchezo mmoja wa kujaribu nyumbani, kwa sababu naupenda na kwa sababu una funzo la kitabibu. Ulitoka katika kipindi cha Marekani kiitwacho Let's Make a Deal, kilichoanza 1963 kikiendeshwa na Monty Hall. Fumbo lenyewe linasema hivi. Kuna milango mitatu. Nyuma ya mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Wewe unachagua mlango. Mtangazaji, ambaye anajua gari liko wapi, anafungua mmoja wa ile miwili uliyoiacha na kukuonyesha mbuzi. Kisha anakuuliza: utabaki na mlango wako, au utahamia ule mwingine uliofungwa?

Nilipolieleza fumbo hili pale hotelini Kaikor, nesi akitafsiri, kilizuka kicheko ambacho sikukitarajia. Walicheka kwamba kuna watu duniani wanaomwita mbuzi hasara. "Mbuzi ndiye zawadi," alisema mmoja. "Hilo gari litakunywa nini hapa?" Basi tukageuza: mbuzi mmoja, milango miwili mitupu.

Wengi husema kubaki na kuhama ni sawa, nusu kwa nusu. Sivyo. Ukihama unashinda mara mbili katika tatu. Mwandishi Marilyn vos Savant alipolijibu hivyo katika gazeti la Parade mwaka 1990, alipokea barua zipatazo 10,000, nyingine za maprofesa wa hesabu, za kumwambia amekosea. Hakuwa amekosea. Fikiri polepole. Ulipochagua mara ya kwanza, uwezekano wa kukosea ulikuwa mara mbili katika tatu. Kila unapokuwa umekosea, mtangazaji hana budi kufungua ule mlango mtupu uliobaki, kwa hiyo zawadi iko katika ule ambao hakuufungua. Kama huniamini, chukua vikombe vitatu na punje ya maharagwe, cheza na watoto mara 30 usiku wa leo, na uandike matokeo.

La ajabu ni kwamba hata anayeambiwa haya hataki kuhama. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia: nikihama halafu nikagundua mlango wangu wa kwanza ndio uliokuwa na zawadi, nitajuta zaidi kuliko nikibaki na kukosa. Mimi huuona moyo huo kila wiki chumbani mwangu. Mgonjwa ana homa kwa wiki tatu. Amenunua dawa za malaria dukani mara mbili. Tunampima malaria, hakuna. Tunarudia kesho yake, hakuna. Mlango umefunguliwa mbele ya macho yake, ni mtupu, naye bado anasema, "Daktari, hii ni malaria, naijua, niandikie tu sindano." Kumbe tumboni wengu umevimba na mwili umekonda, na katika Turkana hiyo ni sababu tosha ya kufikiria kala-azar, ugonjwa unaoletwa na kijinzi kidogo cha mchanga. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kala-azar isiyotibiwa huua zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Ikitibiwa, kwa kawaida kwa sindano za siku 17, wengi hupona. Najua mfano wangu hauendani na milango mitatu kwa kila hali, kwani kipimo cha maabara nacho huweza kukosea, tofauti na mtangazaji anayejua gari liko wapi. Lakini ukaidi ni uleule. Na nisiwasingizie wagonjwa peke yao. Sisi madaktari nasi tukishaandika jina la ugonjwa kwenye kadi, ni vigumu kulifuta.

Kwa hiyo naitetea michezo hii. Ilikuwa burudani yenye shule ndani yake. Ulimwona mtu mzima anafikiri hadharani, anatoka jasho, anajuta. Ulitofautisha kati ya kilichokuwa mikononi mwake na kisichokuwa. Na kuna mambo mengine mawili ambayo tuliyaona ya kawaida wakati ule. La kwanza, aliyeketi nyumbani kutazama hakuwekeza pesa zake. Sanduku likiwa tupu, sebule nzima iliguna, kisha watu wakaenda kulala na unga wao uko palepale. La pili, mchezo ulikuwa na mwisho. Nusu saa, muziki unapigwa, habari zinaanza.

Najua kuna watakaoniambia kwamba bahati ni ya kutafutwa, na kwamba hata hiyo michezo ya zamani mwerevu aliweza kuishinda. Kweli, mmoja alifanikiwa. Mwaka 1984 nchini Marekani, Michael Larson, dereva wa gari la kuuza aiskrimu kutoka jimbo la Ohio, aliingia katika kipindi cha Press Your Luck. Kulikuwa na ubao wa taa zinazorukaruka, na kila mtu aliamini kwamba taa hizo hazina utaratibu. Larson alikuwa amerekodi vipindi nyumbani kwa kanda za video, akavitazama tena na tena, hadi akagundua kwamba taa zilifuata mipango michache tu inayojirudia. Akaikariri. Akaondoka na dola 110,237 za pesa na zawadi, huku watayarishaji wa kipindi wakishikwa na bumbuazi. Walimlipa, kwani hakuvunja sheria yoyote.

Hadithi hupenda kukomea hapo. Lakini iendelee kidogo. Baadaye kituo kimoja cha redio kilitangaza zawadi kwa atakayepata noti ya dola moja yenye nambari watakazozisoma. Larson akatoa pesa zake benki kwa noti za dola mojamoja, makumi ya maelfu, akawa anazikagua nyumbani usiku na mchana. Siku moja alipokuwa nje, wezi waliingia wakazibeba. Mtu yuleyule aliyekuwa na subira ya kuugundua utaratibu pale ulipokuwapo, aliutafuta kwa bidii ileile pale usipokuwapo.

Hapa ndipo ninapotaka kukufikisha. Ubongo wetu haukuumbwa kutofautisha bahati na ufundi kwa urahisi. Kuna kemikali iitwayo dopamini ambayo hupanda tunapotarajia jambo zuri. Katika majaribio ya nyani yaliyochapishwa 2003 na Fiorillo, Tobler na Schultz, chembe za ubongo zinazoitoa zilizidi kufanya kazi katika kipindi cha kungoja pale nyani alipokuwa hajui kabisa kama atapata au atakosa, yaani nusu kwa nusu, kuliko alipokuwa na hakika. Kutojua kwenyewe ndiko kunakokolea. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba kukosa kidogo tu, kushinda kukikupita kwa nywele, huamsha sehemu za ubongo zilezile zinazoamshwa na ushindi, na kwamba pale mtu anapochagua mwenyewe, humfanya atamani kucheza tena hata kama hajafurahi. Na kuna ushahidi mwingine ambao sisi madaktari tunaujua vizuri: wagonjwa kadhaa wa Parkinson, wazee watulivu ambao hawakuwahi kucheza kamari maishani, walianza kucheza hadi kufilisika baada ya kupewa dawa kama pramipexole zinazofanya kazi ya dopamini. Dawa ilipopunguzwa au kuachwa, wengi wao waliacha. Kama una mzazi anayetumia dawa hizo na tabia yake imebadilika, mwone daktari wake upesi. Usiziache ghafla bila ushauri.

Sasa tazama mchezo unaochezwa kwenye simu hivi leo, kuanzia Eldoret hadi Kakuma, na hata Kaikor pale mtandao unapokubali. Kuna kindege kwenye skrini. Kinapaa, na kadiri kinavyopaa pesa yako inaongezeka, mara moja na nusu, mara mbili, mara tano. Ukibonyeza kabla hakijatoweka, unalipwa. Kikitoweka kabla hujabonyeza, umeliwa. Ukiutazama haraka utasema huu ni mchezo wa sebule ya jirani: kuna bahati, na kuna kukata shauri. Chukua pesa au endelea!

La hasha. Katika mchezo wa masanduku uamuzi wako ulikuwa na uzito. Pesa ulizotajiwa zilikuwa nzuri au mbaya kulingana na masanduku yaliyobaki, na mwenye kufikiri aliweza kuona tofauti. Katika kindege, hesabu imepangwa ili popote utakapochagua kushuka, mwenye mchezo abaki na fungu lake lilelile. Ukishuka kwenye mara mbili, utafanikiwa pungufu kidogo ya nusu ya safari zako. Ukingoja mara kumi, utafanikiwa pungufu kidogo ya safari moja katika kumi. Ule upungufu mdogo ndio mshahara wa mwenye mchezo. Kitufe kile kinaweza kubadilisha mwendo wa kupoteza kwako, haraka au polepole, lakini hakibadilishi mwisho wa safari. Ni bahati nasibu iliyovishwa nguo za mkakati. Mwanasaikolojia Ellen Langer aliandika tangu 1975 jinsi mtu akipewa nafasi ya kuchagua, hata kuchagua tikiti tu, anavyojiona ameipata bahati mkononi. Waliotengeneza michezo hii ya simu hawakulala darasani.

Tena pesa ni zako, si za mtangazaji. Hakuna umati wa kukupigia kelele uchukue pesa. Na hakuna muziki wa kufunga kipindi, kwani kindege kingine kinapaa baada ya sekunde chache.

Mwaka jana huko Kaikor aliletwa kwangu kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyesoma hadi kidato cha nne. Shida aliyoitaja ilikuwa tumbo kuwaka na kukosa usingizi. Dadake ndiye aliyemsindikiza, na dadake ndiye aliyeniambia, huku kijana akitazama sakafu, kwamba mbuzi wa nyumbani wamepungua. Si kwa ukame. Wanauzwa mmojammoja sokoni, na pesa zinaingia kwenye simu. Kulikuwa pia na deni la watu watatu.

Kijana hakukana. Alifungua mfuko akatoa daftari la shule la kurasa 96. Ndani aliandika, kwa mwandiko safi sana, kila safari ya kindege aliyoishuhudia: saa, dakika, na kilipotowekea. Mistari kwa maelfu. Nyingine alizizungushia kalamu nyekundu. "Daktari," akaniambia, "nimekaribia kujua kinavyoruka. Nikipata pesa kidogo tu ya kurudisha zile zilizoenda, naacha." Nilimkumbuka Larson na kanda zake. Tofauti ni kwamba taa za Larson zilikuwa na mipango inayojirudia. Kindege hakina. Kila safari inaanza upya, haikumbuki iliyotangulia.

Tumbo lake nilimtibu, hiyo ilikuwa rahisi. Ugonjwa wenyewe una jina. Wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani waliutambua rasmi tangu 1980, na mwaka 2013 wakauhamishia katika fungu moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, na hapo ndipo mahali pake. Dalili zake ni hizi, na uzisome ukijifikiria wewe au mtu wa nyumba yako: kuongeza kiasi ili upate msisimko uleule, kurudi kesho ili kukomboa ulichopoteza leo, kuficha na kusema uongo, kukopa, hasira au kutotulia unapojaribu kuacha, na kucheza hasa unapokuwa na huzuni. Ile ya kukomboa ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Na mtu akianza kusema afadhali afe kuliko kudaiwa, usimjibu kwa mahubiri. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Tiba ipo. Ni mazungumzo ya mpangilio na mshauri au tabibu wa akili, ya wiki kadhaa, ya kuzivunja zile imani za "nimekaribia kujua". Nyumbani, fanya kwa pesa kile ambacho mfugaji hufanya kwa mifugo: usiziache zote mahali pamoja. Laini ya simu inayopokea pesa ikae na mtu mwingine anayeaminika kwa miezi kadhaa. Ufute akaunti ya mchezo, si programu tu. Deni liandikwe lote kwenye karatasi moja mbele ya mtu wa pili.

Kuhusu serikali, nitasema kwa ufupi. Mwishoni mwa Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na mwaka huohuo sheria mpya ya kudhibiti kamari ilichukua mahali pa ile ya 1966. Vizuri. Lakini mimi ningetaka jambo moja dogo ambalo hata kipindi cha sabuni ya kufulia kilikuwa nalo: kipindi kiishe. Simu ijifunge baada ya nusu saa, na isifunguke hadi kesho. Na kwenye skrini iandikwe kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, kwamba kitufe hiki hakibadilishi hesabu. Pia KBC, au kituo kingine chochote, kingeturudishia mchezo wa sanduku wa jioni ambao anayetazama halipi kitu. Watu wana kiu ya kutojua. Ukiwanyima maji safi watakunywa ya dimbwini.

Yule kijana alirudi baada ya wiki tano. Laini yake inakaa kwa dadake. Alikuwa amecheza mara mbili kwa simu ya rafiki, aliniambia mwenyewe bila kuulizwa, na nilimwambia kwamba mara mbili katika wiki tano si sawa na kila usiku. Daftari alikuwa ameniachia mimi. Aliuliza kama nimelitazama.

Nimelitazama. Nililitazama usiku mmoja Lodwar kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia, na kwenye ukurasa wa tatu, pale penye duara tano nyekundu zinazofuatana, mimi mwenye shahada ya udaktari, ninayejua kwamba hakuna mpangilio wowote, niliuona mpangilio.